Barua kwa mwanangu: filimbi yako chini ya mkungu

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Unauliza kama onyesho lako la filimbi peke yake, la tungo mpya unazojifunza huko, ulifanye mwezi wa saba, alasiri, uani kwetu Mikindani chini ya mkungu, au utafute ukumbi Mtwara mjini. Halafu mwishoni ukaongeza: "Baba, naogopa watu hawatakaa saa nzima bila ngoma."

Fanya uani, mama. Ila si mwezi wa saba, na si alasiri.

Mwezi wa saba ni msimu wa upepo wa kusi. Nilipokuwa kwenye bendi tulipangwa siku moja ufukweni, nyuso zetu zikiutazama upepo. Wenzangu wa tarumbeta walisikika mpaka barabarani. Mimi na filimbi yangu nilipuliza na kupuliza, nikatoa mvumo mtupu. Nililia usiku ule, na sikumwambia mtu. Baadaye ndipo nikaelewa: mwenye tarumbeta ameubana mlango wa sauti kwa midomo yake, lakini sauti ya filimbi huzaliwa nje, pale pumzi inapokata ukingo wa tundu. Upepo ukipita hapo, umeichukua kabla haijawa sauti. Kwa hiyo popote utakaposimama, upepo uwe mgongoni, mwili wako uwe ukuta.

Njoo mwezi wa kumi, wakati wa tangambili. Kusi imelegea, kaskazi haijaanza, mvua bado. Watu wako kwenye korosho mchana, lakini usiku wako nyumbani. Chagua usiku wa mwezi mpevu, tuanze baada ya Isha, ili tusihitaji jenereta ya jirani.

Na usiku una siri nyingine. Wewe mwenyewe ulipokuwa mdogo uliniuliza kwa nini wavuvi walio mbali kwenye ghuba tunawasikia wakizungumza kana kwamba wako barazani. Mchana ardhi ikichemka, hewa ya chini huwa na joto kuliko ya juu, sauti ikapinda kwenda angani. Usiku tulivu hewa ya chini hupoa kwanza, sauti ikapinda kurudi chini kwetu. Uani hakuna ukuta wa kukurudishia sauti, lakini saa hizo hewa yenyewe inakusaidia.

Joto lisikusumbue. Hewa ikitoka nyuzi 20 hadi 30, filimbi hupanda karibu theluthi moja ya nusu toni. Ungekuwa na piano mngegombana usiku kucha, maana yenyewe haipandi nawe. Uko peke yako, iache ipande. Chumvi ndiyo adui. Ifute filimbi kila unapoiweka chini, na uje na karatasi za kusokotea sigara za kunyonya unyevu pedi za vifuniko vya matundu zikianza kunata.

Sasa hofu yako. Sifananishi filimbi na kisomo, Mungu aniepushe, lakini masikio ni yaleyale. Msomaji mmoja wa Kurani huketisha msikiti mzima kimya. Anayeghani utenzi hana ngoma, na watu hukaa mpaka beti za mwisho. Sauti moja si kitu kigeni Mikindani. Kinachoweza kuwatoa watu ni kutosikia.

Ile tungo ya Edgard Varèse uliyonipigia sebuleni, Density 21.5, ya mwaka 1936, aliyomtungia mpiga filimbi Georges Barrère kwa filimbi yake ya platini, ina mahali unagonga vifuniko kwa vidole mpaka vinalia kama kigoma kidogo. Mimi nilikuwa hatua mbili kutoka kwako na nilisisimka. Aliye hatua kumi nyuma hatapata kitu. Kwa hiyo usipange viti kwa mistari. Nitatandika mikeka kwa duara, watu thelathini, wasizidi, nawe usimame katikati, shina la mkungu likukinge. Maikrofoni usilete. Spika ingeigeuza pumzi yako kuwa kelele, na pumzi ndiyo unayotaka waisikie.

Ile ya Toru Takemitsu wa Japani, ya mwaka 1971, ambayo mpigaji husema na kupaza sauti ndani ya filimbi, iweke katikati, watu wakishakuzoea. Mweleze bibi yako mapema, asishtuke. Waeleze wote, kwa maneno mawili matatu, kabla ya kila tungo.

Na ukifika kwenye kimya, usikikimbie. Popo watakuwa wanagombania kungu juu yako, makuti ya mnazi wa mjomba yatasugua. Waache wamalize, ndipo upulize.

Mimi nitakaa nyuma kabisa, karibu na kisima. Nisipoisikia ile noti yako ya chini nitanyanyua mkono, nawe usogee hatua moja upande wangu.

Baba yako