Mtazamaji Asiyekuwepo Ukumbini: Kwa Wanaoanza Kazi ya Kurusha Hafla Mubashara Jijini Nairobi

Anayekulipa ni mwenye hafla, lakini unayemhudumia hayupo ukumbini. Ni dada wa marehemu aliyeko Doha ambaye hakupata ruhusa kazini, ni mjomba wa bibi harusi anayeishi Minneapolis, ni mwanachama wa ushirika aliyekosa nauli ya kufika kwenye mkutano mkuu wa mwaka. Aliyeketi ukumbini asiposikia vyema humwinamia jirani akamuuliza, ila huyu aliye mbali hana wa kumuuliza; kisichopita katika vyombo vyako, kwake hakikutokea. Ninakuandikia wewe unayeingia katika kazi ya kurusha hafla mubashara hapa Nairobi nikiwa na imani hiyo moja, kwamba kila uamuzi, kuanzia kebo utakayobeba hadi saa itakayoandikwa kwenye tangazo, ufanywe kwa ajili ya mtu huyo.

Ndiyo maana nakusihi uanze na sauti, si kamera. Picha ikiganda kwa muda mtazamaji huvumilia maadamu anaendelea kusikia maombi au hotuba, lakini sauti ikikatika huondoka, hata picha iwe safi namna gani. Wageni wengi wa kazi hii hutumia akiba yao yote kununua kamera ya pili na ya tatu, kisha siku ya hafla hutegemea kipaza sauti kidogo kilicho juu ya kamera iliyo nyuma kabisa ya kanisa, nacho huleta mwangwi wa kuta, kikohozi cha waumini na mlio wa viti kuliko maneno ya mhubiri.

Sauti ichukuliwe kutoka kwenye mixa ya ukumbi, yaani mtambo wa kuchanganya sauti, na hapa kuna jambo ambalo ni vizuri ulielewe mapema. Fundi wa sauti wa ukumbini huchanganya sauti kwa ajili ya watu walio ndani. Ngoma na kwaya zina nguvu zake zenyewe, kwa hiyo huzipunguza katika spika au haziweki kabisa, kwa sababu watu wanazisikia moja kwa moja. Ukichukua sauti ileile anayopeleka kwenye spika, mtazamaji wako atasikia mshereheshaji vizuri sana, kisha kwaya itakapoimba atadhani imesimama nje ya uzio. Mwombe fundi akupe njia yako ya AUX, yaani tundu la ziada la kutolea sauti, isiyofuata vitelezi vya spika za ukumbi, uweze kupata mchanganyiko wako mwenyewe, kisha ongeza kipaza sauti kimoja kinachoelekea kwa watu ili vigelegele, vicheko na "amina" zifike kwa aliye mbali. Fundi huyo mheshimu, msalimie kabla ya kugusa chochote, na umweleze unachohitaji kabla hajaanza kujaribu vipaza sauti vyake, kwa maana akishaanza hana nafasi ya kukusikiliza.

Sauti inayotoka kwenye mixa huwa na nguvu nyingi kuliko inayotoka kwenye kipaza sauti, na ukiichomeka katika tundu la kipaza sauti la kamera bila kubadili mpangilio itapasuka, wala hakuna programu itakayoirudisha katika hali yake. Hakikisha vilele vya sauti kwenye kipimo cha programu au kamera havipiti desibeli 6 chini ya sifuri. Ukisikia mvumo mzito usiokoma, mara nyingi chanzo chake ni kwamba kompyuta yako na mixa zinachota stima kwenye soketi mbili tofauti. Chomoa chaja ya kompyuta kwa dakika moja usikilize, na mvumo ukitoweka umempata mhalifu. Kwa hali hiyo beba kisanduku kidogo cha transfoma cha kutenganisha njia za sauti. Na hedifoni usizivue hafla nzima, zikiwa zimechomekwa mahali panapotoa sauti inayokwenda kwa mtazamaji, si ile inayoingia.

Baada ya sauti ni mtandao, na kwetu sisi kinachohesabika ni kasi ya kupakia, yaani ya kupeleka video mtandaoni, ambayo watu wengi hawaiangalii kwa sababu matumizi yao ya kila siku ni ya kupakua. Picha ya 1080p, iliyo kali zaidi, huhitaji takriban megabiti 4.5 hadi 6 kwa sekunde, na ya 720p, iliyo ya chini yake, hutosheka na 2.5 hadi 4. Ukirusha kwa megabiti 6, kila saa itakula gigabaiti 2.7, hivyo ibada ya saa nne itamaliza karibu gigabaiti 11. Nunua bando ukijua hesabu hiyo. Mimi hushauri usitumie zaidi ya nusu ya kasi ndogo kabisa uliyoiona ulipopima, na kupima kwenyewe kusiwe kwa kubonyeza kitufe mara moja. Nenda ukumbini siku kama ile ya hafla na saa kama ile, urushe matangazo ya faragha kwa nusu saa, uone kama yanashika. Picha ya 720p isiyokatika ina heshima kuliko ya 1080p inayokwama kila dakika.

Kasi uliyoipata ukumbi ukiwa mtupu haitakuwepo watu wakijaa. Katika Uwanja wa Nyayo au Uhuru Gardens siku ya sherehe ya kitaifa, maelfu ya simu hugombea minara ileile, na kila mwenye simu naye anarusha video yake. Kuwa na laini mbili za kampuni moja hakukukingi, kwa kuwa zote mbili zitakwenda kwenye mnara mmoja. Akiba ya kweli ni kampuni mbili tofauti, au faiba pamoja na laini ya simu. Ukumbi ukiwa na faiba, omba kebo moja kwa moja kutoka kwenye ruta badala ya waifai ya wageni. Starlink, intaneti ya setilaiti iliyoanza kutoa huduma nchini mwaka 2023, husaidia sana katika maziko ya mashambani, lakini sahani yake inahitaji anga wazi, na chini ya miti itakuwa ikikata na kurudi.

Yapo pia yaliyo nje ya uwezo wako kabisa. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ilikatika kwa pamoja, na intaneti ya Afrika Mashariki ikazorota. Siku kama hiyo huna la kufanya ila kuwa na rekodi kamili inayohifadhiwa palepale kwenye kompyuta au kwenye kadi za kamera, huku ukiwaarifu watazamaji kwa maandishi kwamba video nzima itapatikana baadaye. Kila hafla irekodiwe hivyo, hata mtandao ukiwa shwari.

Kuhusu stima sitarefusha, kwa kuwa kila mkazi wa jiji hili anajua, na usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 nchi karibu nzima ilikaa gizani. Jambo moja tu hupita bila kuonekana: wageni wa kazi hii huweka UPS, yaani betri ya akiba, kwenye kompyuta na kamera, wakasahau kwamba ruta ya ukumbi iko katika ofisi ya ghorofa ya chini, imechomekwa ukutani kama birika la chai. Jenereta huchukua sekunde chache kuwaka, lakini ruta iliyozimika huchukua dakika kadhaa kurudi hewani, na dakika hizo ndizo jeneza linapoteremshwa au maharusi wanapovishana pete. Ifuate ruta hadi ilipo, uombe ruhusa, uiwekee UPS yake.

Kamera nazo zina mambo yake machache. Stima yetu ni ya hezi 50, basi weka kasi ya shata ya kamera kwenye 1/50 ya sekunde ili taa za ukumbini zisimemeteke katika picha. Kebo ya HDMI haiaminiki ikizidi mita 15 hivi. Kwa umbali wa ukumbi mkubwa tumia kebo ya SDI, inayoweza kufika takriban mita 100. Ukitaka kurusha droni, vibali vya Mamlaka ya Usafiri wa Ndege vitafutwe mapema, si asubuhi ya hafla.

Kuna watu ambao nyuso zao unazipeleka duniani bila wao kuombwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kwa taarifa za mtoto, kwa hiyo katika hafla ya shule mwombe mwalimu mkuu akuthibitishie kwa maandishi kwamba wazazi wameridhia, na watoto ambao wazazi wao hawakuridhia wasionyeshwe. Katika maziko, iulize familia kabla ya siku yenyewe kama inataka mwili uonyeshwe, na kamera ijiepushe na anayelia kwa uchungu. Hiyo ni adabu kabla ya kuwa sheria. Nyimbo zilizorekodiwa ni suala jingine: mitambo ya YouTube huzitambua yenyewe na inaweza kuyakatiza matangazo yakiwa hewani, kwa hiyo mwambie DJ mapema, na maharusi wakiingia ukumbini kwa wimbo maarufu, uwe tayari kupunguza muziki na kuacha sauti ya watu.

Saa nne asubuhi ya Nairobi ni saa ileile Doha, lakini Minneapolis wakati wa kiangazi ni saa nane usiku. Andika saa kwa kutaja jiji, na uwe hewani dakika 20 kabla ya wakati, ukiwa na picha iliyotulia na sauti ya ukumbi, ili aliyekesha ajue hajapotea njia. Akaunti mpya ya YouTube isubiriwe pia, kwani kuruhusiwa kurusha mubashara kwa mara ya kwanza huweza kuchukua hadi saa 24 baada ya kuthibitisha nambari ya simu.

Katika makubaliano yenu ya malipo, andika wazi nani atahifadhi rekodi. YouTube huhifadhi yenyewe matangazo yasiyozidi saa 12, lakini tangu Februari 2025 Facebook huziweka video mpya za mubashara kwa siku 30 pekee kisha huzifuta, na familia itakayotafuta ibada ya baba yao baada ya miezi miwili haitaikuta. Kwa hiyo kabla ya kupakia vyombo garini, fungua faili ya rekodi palepale ukumbini, sikiliza mwanzo, katikati na mwisho, kisha uinakili kwenye diski ya pili itakayokabidhiwa kwa mwenye hafla.