Maswali yenu kuhusu mpira wa mikono: Neagu, mshahara na bega

Safu iliyopita niligusia kwa sentensi mbili tu kwamba Cristina Neagu ametundika viatu mwaka 2024. Nilidhani ni habari ya watu wachache. Maswali yaliyofuata yameniumbua, basi leo tuyapunguze.

Huyo Neagu ni nani hasa, na mbona hatukuwahi kumsikia? (Msomaji, Dodoma)

Ni Mromania, mzaliwa wa Bucharest, mwaka 1988. Alicheza nyuma upande wa kushoto. Hapo ndipo mtu wa mkono wa kulia anapoweza kuruka akiwa mita tisa kutoka golini na kufyatua mpira juu ya mikono ya mabeki. Shirikisho la kimataifa la mpira wa mikono, IHF, lilimtaja mchezaji bora wa dunia mara nne: 2010, 2015, 2016 na 2018. Ndiye mwanamke wa kwanza kuvuka mabao 1,000 katika Ligi ya Mabingwa Ulaya.

Itazame tena hiyo orodha ya miaka. Baada ya 2010 kuna ukimya hadi 2015. Ukimya huo ni bega. Bega la mkono wake wa kurushia liliharibika, likapasuliwa, akakaa nje kwa muda mrefu akiwa na umri ambao wenzake ndio kwanza wanapamba moto. Aliporudi, mwaka 2015 peke yake alibeba Ligi ya Mabingwa na klabu ya Budućnost ya Montenegro. Desemba akaipeleka Romania hadi medali ya shaba ya dunia nchini Denmark, yeye akiwa mfungaji bora na mchezaji bora wa mashindano.

Halafu kuna utani wa majaliwa. Hiyo Ligi ya Mabingwa ya 2015 ndiyo pekee aliyowahi kuibeba. CSM ya Bucharest, klabu ya mji aliozaliwa, ilichukua kombe hilo mwaka 2016. Neagu akajiunga nayo 2017, akaichezea hadi mwisho, na kombe halikurudi.

Kuhusu kutomsikia, kosa si lenu. Kombe la Dunia la wanawake huchezwa Desemba, na Desemba kwetu kila televisheni ya kibandani iko kwenye soka la Uingereza.

Wanalipwa kama wanasoka? (Kijana wa Kahama)

Hapana, tena si kwa karibu. Wapo wanaoishi vizuri kwa mchezo huu Hungaria, Ufaransa, Romania, Denmark na Norway, ila ukishuka daraja moja tu unakuta wachezaji wanaosoma chuo au wanaofanya kazi asubuhi na mazoezi jioni.

Mimi, ningekuwa mzazi, nisingeuliza kwanza mshahara ni kiasi gani. Ningeuliza unatoka mfukoni mwa nani. Watazamaji hawatoshi kulisha klabu za mchezo huu, kwa hiyo nyingi zinategemea mdhamini mmoja mkubwa au halmashauri ya mji. Neagu mwenyewe aliyaonja hayo. Alikuwa Oltchim ya Râmnicu Vâlcea, timu iliyobeba jina la kiwanda cha kemikali cha mji ule na kufika fainali ya Ulaya mwaka 2010. Kiwanda kilipozama kwenye madeni, mwaka 2013 timu nayo ikavunjika, na ndivyo alivyojikuta Montenegro.

Ukidhani hayo ni mambo ya zamani, angalia Vipers ya Kristiansand, Norway. Walikuwa mabingwa wa Ulaya 2021, 2022 na 2023, mfululizo. Januari 2025, msimu ukiwa katikati, wakafilisika. Wachezaji wa kiwango cha dunia wakaanza kutafuta kazi kama watu waliofukuziwa getini.

Kwa hiyo mkataba usomwe mpaka ukurasa wa mwisho. Nani analipa ukiumia? Nyumba ni ya klabu au ya mchezaji? Mshahara ukichelewa, unaruhusiwa kuondoka lini? Wakala anayekwambia hayo tutayaona mbele ya safari, muage kwa heshima.

Kwa nini wanaumia sana magoti? Wanawake tu au hata wanaume? (Mwalimu wa michezo, Eldoret)

Wote wanaumia, ila mwalimu umegusa penyewe: kano ya mbele ya goti huchanika mara nyingi zaidi kwa wanawake katika michezo ya kuruka na kukata kona. Wataalamu wanataja umbo la nyonga, namna ya kutua na nguvu za misuli ya paja. Na mchezo wenyewe hauna huruma. Uwanja ni mita 40 kwa 20, dakika 60, na kila shambulizi mtu anakimbia, anasimama ghafla, anageuka, anasukumwa akiwa hewani. Desemba 2018, kwenye mashindano ya Ulaya nchini Ufaransa, Neagu alikuwa moto kweli, kisha goti likaachia katika mechi dhidi ya Hungaria. Tuzo ya dunia ya mwaka huo aliipata akiwa majeruhi.

Kwa mwalimu wa shule, dawa ipo na haigharimu: kabla ya mazoezi fundisha kutua kwa miguu miwili magoti yakiwa yamekunjwa, yasiingie ndani, na kuruka kwa mguu mmoja huku mwili umetulia. Dakika kumi na tano, kila siku ya mazoezi. Wanorway wamelifanyia utafiti jambo hili kwa miaka mingi na majeraha yalipungua.

Binti yangu anavaa hijabu. Atazuiwa? (Mama, Zanzibar)

Hazuiwi. Kanuni zinaruhusu kitambaa cha kichwani ilimradi ni laini na kinanyumbulika, kisiwe na pini. Iran ilicheza Kombe la Dunia la wanawake mwaka 2021 nchini Hispania, wachezaji wote wakiwa wamejisitiri. Ule mzozo wa bikini mliousikia mwaka huohuo, Wanorway walipotozwa faini ya euro 1,500 kwa kuvaa kaptura badala ya bikini, ulikuwa wa mpira wa mikono wa ufukweni, na kanuni ile imebadilishwa.

Akizaa, ndiyo basi? (Bila jina)

Anita Görbicz wa Hungaria alijifungua mwaka 2015, akarudi klabu yake ya Győr, akacheza hadi 2021. Ufaransa, tangu 2021, ligi ya wanawake ina makubaliano yanayolinda mshahara wa mchezaji mjamzito. Kwingine inategemea mkataba, na hapo narudi kwenye jibu la pili.

Sisi Waafrika tuna njia? (Msomaji, Lubumbashi)

Wewe ndiye wa kutuambia, ndugu yangu, maana mashindano ya Afrika ya wanawake ya 2024 yalichezwa kwenu, Kinshasa! Angola wakalichukua kombe kama kawaida yao. Wale ndio kipimo. Kwenye Olimpiki ya Rio 2016 waliifunga Romania 23 kwa 19, Romania hiyohiyo ya Neagu, miezi michache baada ya medali yake ya shaba. Siri yao haina uchawi: klabu mbili za Luanda, Petro na Primeiro de Agosto, zimekuwa zikilea wasichana na kuwatunza kwa miongo, si kuwakusanya wiki mbili kabla ya mashindano.

Sisi huku Tanzania tuna UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, ambako mpira wa mikono upo kila mwaka na vipaji vinaonekana. Msichana akimaliza kidato cha nne, timu zinazoweza kumpokea ni za majeshi na chache nyingine. Jirani zetu Kenya wana Nairobi Water, klabu ya shirika la maji la jiji, na inaonyesha kwamba mwajiri mmoja mwenye nia anatosha kuanzia.

Binti yangu ana miaka 13 na anatumia mkono wa kushoto. Nimbadilishe? (Baba, Tanga)

Usithubutu! Upande wa kulia wa uwanja, nyuma na pembeni, unamtaka mtu wa kushoto kwa sababu anapata pembe pana ya goli, na makocha wa Ulaya wanawatafuta kwa tochi. Mnunulie mpira wa saizi yake. Wasichana wa umri huo hutumia namba 1, namba 2 ataufikia akikua. Muombe mwalimu amweke upande wa kulia kuanzia sasa.