Kigoma hadi Mtwara kwa ndege: usijibu kabla hujapiga hesabu

Wewe uliyeanza kazi juzi kwenye dawati la kupanga safari, swali hili litakufikia tu: Kigoma hadi Mtwara kwa ndege huchukua saa ngapi? Utaingiza majina hayo mawili kwenye tovuti ya kupima umbali, nayo itakupa kilomita 1,306 hivi na muda usiozidi saa mbili na ushee. Usimtumie mteja jibu hilo.

Namba yenyewe haina kosa. Ni urefu wa mstari mnyoofu kutoka Ziwa Tanganyika hadi Bahari ya Hindi, na abiria wa kawaida hasafiri kwa mstari huo. Anapitia Dar es Salaam. Kigoma hadi Dar ni kama kilomita 1,080, Dar hadi Mtwara 400. Kuzunguka huko kunaongeza kilomita 170 tu, hata nusu saa ya angani haifiki. Kinachokula siku ni kusubiri Dar. Ndege ya Kigoma ikitua wakati ya Mtwara imeshaondoka, mteja analala mjini, na gharama ya hoteli uliyosahau kuitaja ataikumbuka kwa jina lako. Kwa hiyo anza na ratiba za siku husika, kilomita zifuate baadaye.

Hata hivyo, jifunze kukadiria umbali bila tovuti. Latitudo za viwanja vya ndege vya Kigoma na Mtwara zinatofautiana kwa nyuzi 5.45, longitudo kwa 10.51. Zidisha kila moja kwa 111, ambazo ndizo kilomita za uzi mmoja huku kwetu, kisha tumia Pithagorasi ya shuleni: utapata kama 1,314. Umekosea kilomita nane, si haba. Huku karibu na ikweta njia hii inakubali. Kwenye nyuzi 60 kaskazini, kama Oslo, uzi mmoja wa longitudo umebaki nusu ya urefu wake, na hesabu itakuumbua.

Rubani naye atakutajia maili 705. Hizo ni maili za baharini, kila moja kilomita 1.852. Ukizigeuza kama maili za barabarani unapata 1,130 hivi, na kilomita zaidi ya 170 zimeyeyuka.

Wateja wa kukodi ndege nzima ndio wanaohitaji umakini zaidi. Chukua Cessna Caravan, ndege ndogo ya injini moja, inayokwenda noti 160, yaani maili 160 za baharini kwa saa: 705 gawanya kwa 160 ni saa nne na dakika ishirini na kitu, bado hujaweka kupaa, kushuka na upepo. Noti 20 za upepo wa mbele zinaisogeza safari hiyo hadi saa tano. Tena ukijaza viti vyote huwezi kujaza matangi, kwa sababu uzito wa kuruka una kikomo. Uliza mapema mtaongeza mafuta wapi. Kama njiani kuna kiwanja kisicho na taa, hesabu zote zianzie kwenye jua kuzama, ukirudi nyuma.

Halafu saa. Mteja anasema saa 2 asubuhi, tiketi inasema 08:00, mpango wa safari wa rubani unasema 05:00 kwa saa za kimataifa. Zote ni dakika ileile. Kwenye ujumbe wa mteja andika hivi: 08:00, yaani saa 2 asubuhi, pamoja na tarehe. Na kabla ya kulipia, soma tena alama za kiwanja: MYW ni Mtwara, MWZ ni Mwanza.