Mdomo umeenda upande, je ni kiharusi?

Swali: Shikamoo dokta. Mke wangu kaamka juzi mdomo umevutwa kushoto, jicho la kulia halifumbi, akinywa chai inamwagika, ila mkono na mguu viko poa. Mama anasema kiharusi, jirani anasema kapigwa na upepo wa feni. Hii ni kupooza kwa aina gani?

Jibu: Marahaba, poleni sana. Kupooza ni amri ya ubongo kutofika kwenye msuli, sasa inategemea njia imekatika wapi. Ikikatikia kwenye ubongo wenyewe, kama kiharusi, mara nyingi unaondoka upande mzima, na ni ule wa pili, yaani ubongo wa kushoto unaangusha mkono na mguu wa kulia. Uti wa mgongo ukiumia usawa wa kifua inakufa miguu, ndo hao vijana wa bodaboda tunaowapokea kila leo, ukiumia shingoni inaenda na mikono, juu zaidi hata kupumua inakuwa shida. Halafu kuna mshipa mmoja tu wa fahamu kugoma, kinalegea kile unachokihudumia basi.

Mwambie anyanyue nyusi kama mtu aliyeshtuka. Kwenye kiharusi paji la uso kwa kawaida bado linakunjamana, sababu sehemu ya juu ya uso inapata amri toka pande zote mbili za ubongo. La kwake likibaki laini upande wa kulia, basi naelekea kwenye palsi ya Bell, mshipa wa uso umevimba ndani ya kijitundu chembamba cha mfupa nyuma ya sikio ukajibana wenyewe. Feni msiisingizie.

Ila usimalizie hapo nyumbani, mpeleke leo leo, maana prednisoloni, dawa ya kushusha uvimbe wa huo mshipa, inasaidia zaidi ikianzwa ndani ya saa 72 na nyie mshakula siku mbili. Wamwangalie na sikio kama lina malengelenge, wampime na sukari. Akianza kuongea kilevi au mkono kulegea, hapo ni emajensi, usisubiri hata dakika.

Kupona, kama ni hiyo, karibu 7 kati ya 10 wanarudi kabisa hata bila dawa, wengi wanaanza kuona nafuu ndani ya wiki 3. Mimi hofu yangu ni jicho, lisipofumba linakauka na kioo chake kinapata kidonda, kwa hiyo matone ya kulainisha mchana, usiku mlifumbe na mlibandike plasta taratibu.