"Bei gani?" na maswali mengine yanayokuchosha dukani

Shikamoo dada. Nauza vitenge Mbagala Rangi Tatu. Kila nikiposti picha watu wanauliza "bei gani?", nikiwajibu wananyamaza. Nifanyeje?

Marahaba, mdogo wangu. Kwanza andika bei hapohapo chini ya picha. Utaniambia wenzako wataiona. Wanaijua! Si wote mnachukua mzigo Kariakoo? "Njoo inboksi" inamkimbiza mtu aliyesimama kwenye daladala na bando la kuungaunga.

Halafu rudi kwenye meseji za zamani, uwatafute walioendelea kuuliza baada ya kutajiwa bei. Mmoja alitaka kujua kama kinachuja, mwingine kama doti moja inamtosha mtu mnene, wa tatu kama unatuma Mbeya na nauli ya mzigo analipa nani. Hao ndio wanunuzi, na kila swali lao ni posti. La Mbeya, jirekodi siku unapokabidhi mzigo Stendi ya Magufuli, utaje na nauli. La kuchuja usilijibu kwa maneno: loweka kipande kwenye beseni jeupe, onyesha maji. Kikichuja kidogo, kiri, na useme kifuliwe peke yake.

Mimi ni fundi friji, Sinza. Kazi yangu haina picha za kuvutia, ni kutu na vumbi. Niposti nini?

Kaka, wewe ndiye mwenye mali hapa. Umeme ukirudi, simu yako si inaita? "Fundi, niwashe sasa hivi?" Jibu lako la kila siku ndilo la kuandika: zima swichi, subiri kama dakika 5, maana kompresa ikilazimishwa kuwaka kabla presha ya gesi haijatulia inahangaika na inaweza kuungua. Au lile la "juu linagandisha, chini halipozi". Watu hudhani gesi imeisha, kumbe kwenye friji zile zinazojiyeyushia barafu zenyewe mara nyingi ni barafu imeziba njia ya hewa, au feni imekufa. Piga picha ya hiyo barafu, na kutu yake.

Ila andika swali kama lilivyoulizwa. Hakuna mama Sinza anayesema "hitilafu ya mfumo wa kuyeyusha barafu". Anasema friji lake linalia ngrrr, na hivyohivyo ndivyo atakavyoandika Google. Mimi nilipokuwa nauza viatu Mtaa wa Kongo, miezi na miezi nilitangaza "ngozi halisi". Siku nimefungua daftari nililokuwa naandikia maswali ya wateja, hakuna hata mmoja aliyeuliza habari ya ngozi. Walichotaka kujua ni kama soli itabanduka masika.

Naoka keki Tabata. Nikieleza ninavyofanya, si watu wataoka wenyewe?

Watajaribu wachache. Kesho yake bethidei ya mtoto, oveni hawana, watakupigia. Eleza kwa nini oda unaitaka siku 3 kabla. Vipimo vyako baki navyo.

Mteja amenisifia WhatsApp. Naweza kuposti yale mazungumzo?

Mwombe ruhusa, kisha ufiche jina, namba na picha yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na namba ya simu ya mtu si mali yako. Binafsi, sifa hizo huzipita bila kuzisoma, kila duka linazo. Kile alichokuuliza kabla hajatoa hela kina faida zaidi.

Stetasi inafutika baada ya saa 24. Hii si kazi bure?

Ukiiacha ipotee, ndiyo. Ile video ya beseni ihifadhi kwenye simu, kila anayeuliza umtumie. Pia pakua WhatsApp Business, haina malipo, utengeneze majibu ya haraka: unaandika mkwaju (/) na neno fupi, mathalani "nauli", jibu zima linajitokeza. Bei ikipanda tu, lipitie na hilo jibu. Mimi nilisahau, nikamuuzia mama mmoja raba kwa bei ya mwaka juzi. Alikuja na meseji yangu mkononi, ningesema nini?