Maswali yenu: Karavane inayumba nyuma ya motoka, Livingstone tutafika?

Jambo yenu wote wa hapa Lubumbashi. Likizo kubwa inakaribia na barua za safari zimejaa mezani. Tatu ziko za karavane, ile nyumba ya magurudumu ya kukokota nyuma ya motoka, basi nazijibu kwa pamoja, wenye kuuliza bei za pine (matairi) mningojee mwezi ujao.

Fundi, aksanti kwa kazi. Niko na Prado ya mazutu, nimenunua karavane okazio ya kutoka Afrika Kusini, kwenye kibati chake wameandika mwisho kilo 1,200. Mwezi wa 7 tunataka kwenda Livingstone na mama na watoto, kuona maporomoko ya Victoria. Juzi niliijaribu barabara ya Likasi, mpaka 70 iko bien, ikifika 90 inaanza kwenda kushoto kuume, kushoto kuume, mpaka inavuta na motoka yenyewe. Nilipakia grupu ya umeme, bidoni za mazutu na mfuko wa unga kule nyuma kabisa ya karavane juu motoka isiiname. Mekanisie anasema ni amotiseri za motoka, zile za kupunguza mtikisiko, nibadilishe zote ine. Ni kweli?
*Papa mapacha, Bel-Air*

Papa mapacha, pesa ya amotiseri iweke kwanza mfukoni. Jibu umeliandika mwenyewe hapo kwenye barua: grupu, bidoni na unga kule nyuma kabisa. Ukiweka uzito nyuma ya ekseli unainua pua ya karavane, pua ikiwa nyepesi haikandamizi tena ile bule ya motoka (tufe la chuma la kukokotea), na mkia mzito unaanza kujitupa huku na huku sawa timazi ya saa ya ukutani. Mwendo ukiwa mdogo inajituliza yenyewe, ukiongeza haijitulizi tena, kila mtikisiko unakuwa mkubwa kuliko uliopita. Njo maana 70 iko bien na 90 inakutisha.

Chukua mizani ya kujipima ile ya nyumbani, isimamishe karavane pahali pa sawasawa, imepakiwa kama siku ya safari, halafu weka ile pua juu ya kipande cha mti juu ya mizani, kimo kile kile inachokaa kwenye motoka. Kwa karavane kama yako watu wa Ulaya na Afrika Kusini wanatafuta kilo 75 hadi 100 hivi. Wamarekani wanapenda zaidi, wanasema asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote, lakini remorke zao zimejengwa tofauti, wewe fuata namba iliyogongwa kwenye chuma cha kukokotea na kwenye pua ya karavane, ile ndogo kati ya mbili njo mwisho wako. Kwako mizani ikisoma 30 usishangae.

Grupu ilete chini, juu ya ekseli au mbele yake kidogo. Unga pia. Tanki ya maji, lita 100 ni kilo 100, kama iko nyuma isafiri tupu, maji utajaza ukifika. Makabati ya juu weka nguo na mikate tu. Na bidoni za mazutu sizitaki mule ndani hata kidogo, Zambia vituo vya mafuta viko njia nzima. Kama motoka inainama sana pua ikiwa na kilo zake sawa, hapo sasa mwite mekanisie muongee juu ya resori za nyuma. Siku ya kurudi ndiyo naiogopa kuliko ya kwenda, juu mama ataona makala ya kupikia ya bei nzuri njiani na mfuko utatupwa wapi? Kule nyuma kwenye mlango, sawa vile.

Kitu kingine, angalia bule yenyewe. Karavane za Afrika Kusini zimefanyiwa bule ya milimita 50. Prado zingine zimepita mikono mingi, unakuta mtu alifunga bule ya Kimarekani ya inchi 2, ambayo ni milimita 50.8. Kwa macho ni moja, lakini kifungo cha karavane kinachoshika bule kinaweza kukataa kushuka mpaka mwisho, na watu wanakipiga nyundo mpaka kinakubali. Usipige nyundo. Kipimo kimegongwa juu ya bule, pangusa grisi usome. Ukisha kufunga, zungusha kile kigurudumu kidogo cha mbele kama unainua karavane: mkia wa motoka ukipanda nayo, imeshika.

Na ikianza kuyumba ukiwa njiani? Toa mguu kwenye mazutu, shika volani imara inyooke, ungoje. Usikanyage freni kwa nguvu, usipigane nayo kwa volani, na usimsikilize yule wa baa anayesema ongeza gazi itanyooka. Karavane nyingi za Afrika Kusini ziko na freni ya kusukumwa: motoka ikipunguza, karavane inasukuma pua na freni zake zinashika zenyewe. Kwa hiyo kutoa mguu tu kunaifanya ikusaidie. Ila freni hiyo hiyo kwenye mteremko mrefu inashika muda wote na inachemka. Ukishaacha Kafue kuna vilima vya Munali kabla ya Mazabuka, shusha vitesi juu kabisa, kabla mteremko haujaanza, uteremke na moteri.

Pine: usidanganywe na meno. Karavane inakaa miaka uani, meno mapya, mpira umekufa. Soma namba ine za mwisho karibu na herufi DOT ubavuni mwa pine, 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ikiwa na zaidi ya miaka sita hivi mimi naitoa. Upepo pima asubuhi pine ikiwa baridi. Na kila ukisimama, peleka mgongo wa mkono karibu na katikati ya gurudumu. Moja ikichoma kuliko mwenzake, rulema (beringi) imekosa grisi au freni imeng'ang'ania. Kasumbalesa, pale mpakani na Zambia, ni kama kilomita 90 kutoka hapa, ni pahali pazuri pa kuangalia mara ya kwanza, foleni itakupa muda wa kutosha.

Kutoka hapa mpaka Livingstone ni kilomita 1,000 na kitu, Chingola, Kitwe, Ndola, Kapiri Mposhi, Lusaka. Usifanye siku moja. Zambia wanaendesha kushoto na volani yako iko kushoto, kupita kamyo ukiwa na karavane nyuma huoni kitu mpaka nusu ya motoka imeshatoka. Mtu wa pembeni akuangalilie, au kaa nyuma ya kamyo, mwezi wa 7 maji ya maporomoko hayakimbii, bado yako mengi. Mwezi wa 10 na 11 ndio upande wa Zambia unabaki mawe mengi.

Fundi, mlango wa karavane yetu unafungukia upande wa barabara. Walituuzia mbovu? Na watoto wanaweza kulala ndani tukitembea?
*Mama Kampemba*

Si mbovu, mama. Imefanywa kwa nchi za kuendesha kushoto, mlango unaangalia majani. Hapa kwetu tunaendesha kuume, kwa hiyo ukisimama kando mtoto anashukia mbele ya makamyo. Mpaka Kasumbalesa usisimame kando, ingia kabisa kwenye parkingi. Ukivuka, mlango unakuwa upande mzuri.

Watoto ndani ikitembea, hapana. Hakuna mikaba, kuta ni nyepesi sana, na kwa volani husikii mtu akilia. Hata dakika kumi, hata kama wanalala. Na gazi ya kupikia ifungwe kwenye chupa yenyewe kabla motoka haijawaka, si kwenye jiko.

Karte jone (kadi ya njano ya asiransi) ya motoka inatosha, ama karavane nayo inadai yake?
*Msomaji, komini ya Kenya*

Karte jone ya COMESA, ule umoja wa biashara wa nchi za Afrika Mashariki na Kusini, ni asiransi ya hasara unayofanyia wengine, na karavane ikimgonga mtu kule haitauliza ilikuwa inavutwa na nani. Kabla ya kulipa, mwambie ajenti wa asiransi kwamba unakokota, aandike namba ya karavane kwenye karatasi, usikubali "itaenda tu". Halafu karatasi za karavane zenyewe ziwe na jina lako. Ikiwa bado ziko kwa jina la yule mwenye kukuuzia, duane (forodha) watakuuliza imetoka wapi, na kule kwenye foleni hutampata kwa simu.