Jana Ulifakamia, Leo Kula Kama Kawaida

Jumapili iliyopita, saa kumi na moja alfajiri, simu ililia kando ya mto wangu. Alikuwa dada mmoja ambaye huwa tunaandikiana mara moja moja kuhusu safari hii ya kupunguza mwili. "Dada, jana nimeharibu kila kitu. Nimekula tangu asubuhi mpaka usiku, halafu nikaamka usiku wa manane nikala tena. Leo nifunge? Au ninywe maji tu? Nikimbie kilomita ngapi?"

Nilicheka, kisha kicheko kikaniishia kooni, maana maneno hayo ni yangu. Nimeyasema miaka kadhaa, tena kwa mpangilio ule ule: nimeharibu, nifunge, nikimbie. Nikamjibu anywe chai, ale kifungua kinywa chake cha siku zote, jioni tutaongea. Hakuridhika. Akanirudishia alama tatu za kuuliza, na ndizo zilizonifanya nikae niandike.

Wengi wenu mnajua kwamba nimepunguza kilo 14 na sijazirudisha. Mwezi ujao inatimia miaka miwili. Nalisema kwa kujidai kidogo, mniwie radhi, kwa sababu wapo waliokuwa wakihesabu siku nitakayorudi nilikotoka, na nina hakika baadhi yao wanasoma hapa. Ambacho sijawahi kukieleza vizuri ni kwamba hiyo ilikuwa safari ya nne. Tatu za mwanzo zilinishinda, na zote zilinishindia mahali pamoja: siku iliyofuata baada ya siku ya kula.

Ya tatu ndiyo iliyoniuma. Nilikuwa wiki ya saba ya dayati, kilo 6 zimeshatoka, suruali zinaanza kunipwaya. Kazini kukawa na sherehe ya kumuaga mwenzetu anayestaafu. Nikaona nijiandae kijanja: tangu asubuhi sikutia kitu mdomoni ili mchana nile bila hesabu. Saa nane chakula kilipofunuliwa mikono ilikuwa ikinitetemeka. Mwenye njaa hana miiko, na mimi siku hiyo sikuwa na muiko hata mmoja. Sahani ya kwanza niliila nimesimama. Ya pili nilikaa. Nilipokuwa narudi na ya tatu, mwenzangu mmoja wa meza ya jirani akasema kwa sauti ya kusikika ukumbi mzima, "Leo dayati imepewa likizo!" Watu wakacheka. Nikacheka nao, tena mimi ndiye niliyecheka kwa nguvu kuliko wote. Miaka imepita, yeye nadhani ameshasahau. Mimi nakumbuka hadi rangi ya shati lake.

Sasa sikilizeni usiku ulivyokuwa. Saa saba, nyumba imelala, nimesimama mbele ya friji, mlango wazi, mwanga unanimulika miguuni. Ndani mna kipande kikubwa cha keki nilichofungashiwa katika foili. Sikuchukua sahani wala kisu. Nilikunjua kona moja tu, polepole, foili isije ikapiga kelele, nikawa namega kwa vidole. Nilijiambia nasawazisha ukingo. Nikisawazisha huku, kule kunapinda. Nilisawazisha hadi ikabaki foili yenyewe, nikalamba sukari iliyoganda kwenye mikunjo, nikaifinyanga ikawa ndogo kama gololi, nikaizamisha chini kabisa ya pipa la taka, chini ya maganda, asubuhi mtu asiione.

Kulipokucha nikapanda mizani: kilo 2.4 zaidi ya Ijumaa. Nikashuka. Nikaisogeza vigae viwili kuelekea dirishani, maana nilikuwa nimeshajiaminisha kuwa kigae cha karibu na mlango kimeinuka na kinaongeza uzito. Nikapanda tena. 2.4. Nikavua hereni.

Siku mbili zilizofuata nilikunywa maji matupu. Jioni ya siku ya kwanza nilitoka kukimbia, mimi niliyekuwa sijakimbia tangu shule, nikarudi nachechemea goti. Usiku wa siku ya pili nilikula viporo vyote vilivyokuwa jikoni, vya baridi, hata vile nisivyovipenda. Asubuhi nikasema basi, nimeshaharibu, nitaanza upya Jumatatu. Jumatatu hiyo ilichukua miezi minne kufika. Ilipofika, zile kilo 6 zilikuwa zimerudi na wageni wawili. Wahenga wanasema kuteleza si kuanguka. Mimi nilikuwa nikiteleza, kisha najilaza chini kwa hiari yangu.

Laiti mtu angenifanyia hesabu asubuhi ile. Kilo moja ya mafuta ya mwili ina kalori zipatazo 7,700. Ili kunenepa kilo 2.4 za mafuta usiku mmoja ningelazimika kula zaidi ya kalori 18,000 juu ya zile ambazo mwili wangu ungezitumia siku hiyo. Mtu mzima wa kawaida hutumia kama 2,000 au 2,500 kwa siku. Yaani ningehitaji kula chakula cha wiki nzima kwa siku moja, na hata mimi nina kikomo. Kilichokuwa kwenye mizani ni chakula chenyewe, ambacho bado kilikuwa njiani tumboni (safari ya mlo toka mdomoni hadi mwisho wake huchukua siku moja hadi tatu), pamoja na maji. Chumvi nyingi hushika maji mwilini. Wanga nao mwili huuhifadhi kwenye misuli na ini kama glikojeni, na kila gramu ya glikojeni hukaa na gramu kama 3 za maji. Aliyekuwa kwenye dayati wiki saba, kama mimi, ghala lake la glikojeni huwa limepungua; akila vizuri siku moja linajaa, na mizani inaruka. Mafuta kidogo yalikuwemo, sikatai. Lakini yalikuwa robo kilo, labda zaidi kidogo, na mimi nilipigana nayo kama nimevamiwa na jeshi.

Na hilo la kukimbia, mpendwa dada wa saa kumi na moja. Mtu wa kilo 70 akikimbia kilomita moja huchoma kalori zipatazo 70. Ukitaka kufuta kalori 3,000 za jana kwa miguu, utakimbia karibu marathoni nzima, kilomita 42, ukiwa umevimbiwa. Kimbia kama unapenda kukimbia. Kukimbia kwa kujiadhibu kutakufanya uchukie viatu vyako.

Kuna jambo jingine nilikuja kulielewa nikiwa nimeshachelewa. Mwaka 1975 watafiti Peter Herman na Deborah Mack walichapisha jaribio moja ambalo mimi nikilisoma naona aibu kana kwamba nilikuwemo chumbani. Waliwapa baadhi ya watu maziwa mazito yenye sukari, kisha wakawawekea wote aiskrimu waonje, wale kadiri wapendavyo. Watu wasio na dayati, waliokwisha kunywa maziwa, walikula aiskrimu kidogo, maana wameshiba. Watu wenye dayati walifanya kinyume: waliokunywa maziwa walikula aiskrimu nyingi kuliko wenzao wa dayati ambao hawakunywa kitu. Dayati imeshavunjika, basi tena. Herman na Janet Polivy waliendelea kuichunguza tabia hii kwa miaka, na jina walilolitoa kwa lugha yao lina ukali kidogo. Sisi tunalo letu toka zamani: liwalo na liwe. Liwalo na liwe ndiyo iliyonirudishia kilo 8. Keki haikuwa na uwezo huo.

Na kufunga kwa hasira kunailisha hiyo liwalo na liwe. Mwaka 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, mwanasayansi Ancel Keys aliwapunguzia chakula vijana 36 wenye afya, waliojitolea, kwa miezi sita. Walianza kuota chakula na kukusanya vitabu vya mapishi. Walipofunguliwa, baadhi yao walikula mpaka wakaugua, na bado wakasema hawajashiba. Ukisoma habari yao utaacha kuniambia tatizo lako ni ulafi. Mwili ulionyimwa hudai deni lake, na haudai kwa upole. Siku zangu mbili za maji matupu zilikuwa mwaliko kwa viporo vya usiku wa pili. Hata ile asubuhi ya sherehe, niliyojinyima nikidhani ni ujanja, ndiyo iliyonipeleka kwenye sahani ya tatu.

Basi mnaniuliza, siku hizi nafanya nini? Niwape mfano wa juzi juzi. Wiki tatu zilizopita nilikula. Sikuonja wala sikudokoa, nilikula, mchana na jioni, hadi kulala chali ikawa shida. Asubuhi niliamka na kiungulia, nikanywa maji, nikala mayai mawili na matunda, nikaenda kazini. Mchana nikala mlo wangu wa kila siku. Jioni nikatembea kama nusu saa kwa sababu ndivyo nifanyavyo jioni nyingi. Nikalala mapema. Hakuna hadithi hapo, na ndiyo raha yake. Siku ya tano nilipopima, tofauti ilikuwa gramu 200, ambazo hata glasi ya maji inaweza kuzileta.

Ushauri wangu, kwa hiyo, ni mmoja na nitaurudia mpaka mnichoke: mlo unaofuata uwe wa kawaida. Usiwe mdogo kwa kujitesa, usiwe mkubwa kwa kukata tamaa. Uwe na protini na mboga ndani yake ili ushibe, unywe maji, ulale, kwa sababu mtu asiyelala huamka na njaa isiyo na adabu. Kama asubuhi bado umejaa, subiri njaa ije yenyewe. Kusubiri njaa si kufunga, tofauti yake unaijua moyoni. Na ikija, kula. Usingoje Jumatatu. Jumatatu haina dawa yoyote ambayo Jumapili saa sita mchana haina.

Halafu acheni, nawaomba, hizi chai za kusafisha tumbo na vidonge vya kuharisha. Napokea picha za vifurushi vyake kila baada ya sikukuu. Dawa za kuharisha hufanya kazi zaidi kwenye utumbo mpana, wakati kalori zimeshafyonzwa huko juu kwenye utumbo mwembamba. Unachokitoa ni maji na chumvi za mwili. Mizani inashuka, unafurahi, ukinywa maji inapanda. Ini na figo zako zinasafisha damu usiku na mchana bila kukutoza kitu. Anayekuuzia usafi anauza aibu yako kwako mwenyewe, na nimemaliza na hilo.

Acheni pia kusema "nimeharibu". Umeharibu nini? Siku moja katika siku 365? Ninyi ndio watu wale wale mnaokosea hesabu kazini mkairekebisha, mkaangusha kikombe mkakizoa mkaendelea na shughuli. Hakuna aliyewahi kuangusha kikombe kisha akavunja kabati zima kwa sababu seti haijatimia. Kwenye chakula tu ndiko tunakofanya hivyo, na tunakuita nidhamu.

Ila kuna jambo sitalifanyia mzaha. Kama kula huku kunatokea angalau mara moja kwa wiki, kwa miezi, unakula kwa kujificha, unahisi huwezi kujizuia hata ukitaka, na baadaye unajichukia. Au kama unajitapisha. Hali hiyo haijibiwi na makala kama hii. Ni ugonjwa, na ule wa kula bila kuweza kujizuia, tangu 2013 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani unautaja peke yake kwa jina lake. Una tiba. Nenda kwa daktari, na ukikutana na wa kukucheka, nenda kwa mwingine. Na mwenye kisukari anayetumia insulini asithubutu kufunga kwa sababu ya jana bila kuongea na daktari wake. Nilipofikiria gololi yangu ya foili nilijiuliza nilikuwa karibu kiasi gani na mstari huo. Karibu kuliko nilivyodhani wakati ule.

Jioni ya Jumapili yule dada aliandika tena. Amekunywa chai, amekula asubuhi, amekula mchana, tumbo limetulia, na hakukimbia. Nikampongeza. Akauliza, "Na mizani, nipime lini?" Nikamwambia aisukumie uvunguni mwa kitanda hadi Alhamisi, kama yangu ilivyo, nayo ina vumbi.

Akakaa kimya dakika kama kumi. Kisha akaandika kwamba leo ameshapanda mara nne, na kwamba kwao ni kigae cha karibu na beseni ndicho kinachoongeza.